Akwaponiki ndogo kwa umeme wa jua: anza na hesabu ya usiku

Wengi wanaotaka kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale huuliza kwanza wanunue paneli ya wati ngapi. Swali la kwanza liwe jingine: samaki watapumua nini saa kumi alfajiri? Mchana jua linawaka, pampu inazunguka, kila mtu anapumua. Shida huja usiku, na hasa alfajiri, ambapo oksijeni kwenye maji huwa imeshuka kuliko muda wowote na betri nayo imeshatumika usiku kucha. Ukishapanga usiku wako vizuri, mchana hautakusumbua.

Mfumo ninaouelezea hapa ni wa nyumbani, wa mtu asiye na umeme wa gridi: tenki moja la samaki la lita 800, mabeseni matatu ya kokoto yenye jumla ya mita 3 za mraba, na pipa la chini la lita 500. Niko Dodoma, kwa hiyo mifano yangu ni ya jua kali, vumbi, maji magumu ya visima na baridi ya Juni na Julai. Ukiwa Tanga au Mwanza utarekebisha kidogo.

Hatua ya 1: Amua idadi ya samaki kabla ya kununua chochote

Anza na kilo 10 za samaki kwa tenki zima, wakiwa wameshakua. Hao ni samaki 40 wa gramu 250. Najua mtu atakuambia tenki kama hilo linabeba mara mbili yake. Linabeba kweli, kwa mwenye umeme wa uhakika.

Samaki wa kilo 10 wanaokaribia kuvunwa hula kama asilimia 1.5 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 150 za chakula. Mboga za majani zinahitaji kati ya gramu 40 na 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku. Gramu 150 zinalisha mita 3 za mraba. Ndiyo maana nimesema mabeseni matatu.

Sato au kambale? Kwa anayeanza bila gridi, mimi nasema kambale. Kambale ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo pampu ikizima usiku hatakufa upesi kama sato. Ubaya wake ni soko: Wasabato hawamli kwa kuwa hana magamba, na wako wasiompenda tu. Uliza majirani kwanza. Ukichagua sato, nunua vifaranga madume watupu kutoka kwenye kituo kinachoaminika (wa huku wengi hufuata Kingolwira, Morogoro), maana jike na dume wakichanganyika utajaza tenki vitoto visivyokua.

Hatua ya 2: Jenga ili umeme ukikatika maji yabaki kwa samaki

Mpangilio ni huu. Tenki la samaki liko juu. Maji yanafurika kutoka humo na kushuka yenyewe hadi kwenye mabeseni ya kokoto, yanatoka kwenye mabeseni kwenda kwenye pipa lililofukiwa ardhini, kisha pampu iliyo kwenye pipa inayarudisha kwenye tenki. Pampu ya maji ni moja tu. Ikizima, kina cha tenki la samaki hakishuki. Ukiweka pampu ndani ya tenki la samaki, siku bomba litakapochomoka itayamwaga maji yote nje na kuwaacha samaki kwenye tope.

Tenki zuri ni yale ya plastiki ya mraba ya lita 1,000 yaliyozungushiwa vyuma, ila hakikisha lilibeba chakula, mafuta ya kula au sharubati. Lililobeba dawa ya viwandani liache hata ukipewa bure. Plastiki yake inapitisha mwanga, na mwanga huleta ukijani kwenye maji, kwa hiyo lipake rangi nyeusi na juu yake nyeupe. Matenki mengine mawili ya aina hiyo ukiyakata sentimita 30 kutoka juu na kutoka chini yanakupa mabeseni yako, na moja linabaki. Weka mabeseni juu ya matofali, usitumie mbao. Beseni moja likiwa na kokoto na maji linazidi kilo 600.

Bomba la kutoa maji kwenye tenki la samaki liwe la milimita 50, lichukue maji kutoka chini kabisa ambako kinyesi hukaa, lipande hadi usawa unaoutaka, ndipo litoke nje. Mahali linapokatia kona juu weka tii (kiungio cha bomba chenye midomo mitatu) na uiache wazi upande wa juu. Uwazi huo ndio unaozuia bomba kunyonya tenki lote hadi likauke. Vivyo hivyo, bomba linalorudisha maji kutoka kwenye pampu limwagie juu ya maji, lisizame.

Kwenye kila beseni simamisha bomba la sentimita 25 na utoboe tundu la milimita 8 karibu na kitako chake. Pampu ikiwaka, beseni linajaa na maji ya ziada yanapita juu ya bomba. Ikizima, maji yanashuka taratibu kupitia tundu na mizizi inapata hewa. Saifoni za kengele (vifuniko vinavyonyonya maji ya beseni kwa mkupuo likijaa) zinapendeza kwenye video, lakini zinataka mtiririko usiobadilika. Sisi tutaiwasha na kuizima pampu kwa taima, hivyo hatuzihitaji.

Pipa la chini lisiwe dogo. Mabeseni matatu yakijaa kwa pamoja yanashika kama lita 330. Ukiweka pipa la lita 200, pampu itabaki kavu na kuungua.

Hatua ya 3: Kokoto

Tafuta za ukubwa wa milimita 8 hadi 20. Kabla ya kulipa, okota chache, zidondoshee siki au maji ya ndimu. Zikitoa mapovu zina chokaa, nazo zitapandisha pH (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua) ya maji yako miezi na miezi. Kokoto za mawe ya granaiti, ambazo huku kwetu akina mama wanaziponda kando ya barabara, kwa kawaida hazitoi kitu. Zioshe hadi maji yatoke meupe. Kazi hii inachosha na hakuna njia ya mkato: vumbi lisilooshwa nje litaenda kuganda ndani ya mabomba.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa tulia na kalamu.

Nunua pampu ya maji ya volti 12 ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja), wati 40, na pampu ya hewa ya DC ya wati 10 yenye mawe mawili ya hewa (vijiwe vinavyotoa mapovu ndani ya maji). Usitumie inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Inveta ndogo nyingi hula wati 10 hivi hata zisipobeba mzigo, na wati 10 kwa saa 24 ni sawa na pampu nzima ya hewa. Pia, namba ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya maji yasiyopandishwa popote. Angalia mchoro unaoonyesha kimo. Unataka kama lita 1,500 kwa saa kwenye mita zako mbili za kupandisha.

Matumizi ya siku:

Pampu ya maji mchana, nusu saa inawaka na nusu saa inazima, kwa saa 12: wati-saa 240.
Pampu ya maji usiku, dakika 15 kila saa: wati-saa 120.
Pampu ya hewa, saa 24 bila kuzima: wati-saa 240.
Taima na chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na mzigo): kama wati-saa 25.

Jumla ni 625. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya upotevu wa betri, nyaya na joto, unafika 830 hivi. Ukihesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku, unahitaji paneli za wati 185. Mimi naweka 300, yaani mbili za 150. Sababu yake si kiangazi. Siku ya mawingu mazito paneli inaweza kutoa robo tu ya kawaida yake. Robo ya paneli za wati 300 ni wati-saa zaidi ya 330, ambazo bado zinatosha kuendesha hewa usiku na mchana. Maji yanaweza kusubiri, hewa haisubiri.

Betri: ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 100 inakupa kama wati-saa 1,000 za kutumia. Ya jeli ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Usiku mmoja unatumia kama 250. Kwa hiyo hata ya jeli inatosha, mradi mawingu yakidumu kuna kitu kinachoikata pampu ya maji mapema.

Kitu chenyewe ni rilei ya volti, kifaa kidogo cha bei nafuu ambacho mafundi wengi wa sola hawakutajii. Chaji kontrola hukata mzigo betri ikifika karibu volti 11, na wakati huo hukata vyote kwa pamoja. Usikubali hivyo. Gawa njia mbili. Pampu ya maji ipitie kwenye rilei iliyosetiwa kukata kwenye volti 12.2 kwa betri ya jeli (kwa lithiamu weka 12.8, maana volti yake haishuki hadi inapokaribia kuisha). Pampu ya hewa iende moja kwa moja kwenye kontrola. Betri ya jeli iliyojaa ikibeba hewa peke yake inakwenda saa 60 bila jua lolote.

Weka fyuzi karibu na betri, moja kwa kila njia. Pampu ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.8, na pampu inazunguka kivivu. Tumia wa 4.

Kwa Dodoma, paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Kwa latitudo yetu mwinamo mdogo zaidi ungetosha, ila huo unasaidia mvua kuosha vumbi. Kuanzia Julai hadi Oktoba mvua yenyewe haipo, hivyo futa kwa maji asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Hatua ya 5: Lea bakteria kwanza

Bakteria hawa hugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na chakula kinachooza, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, chakula cha mboga. Jaza maji, washa pampu, na usiweke samaki. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke. Weka chakula cha samaki kidogo kila siku kioze. Kioevu cha kupimia maji utakachonunua kitakuonyesha amonia ikipanda, kisha naitraiti, kisha zote mbili zikishuka na naitreti ikipanda. Kwenye joto inachukua wiki 3 hadi 5. Ukipata ndoo ya kokoto kutoka kwenye mfumo wa mwenzako ulio salama, utawahi zaidi. Samaki waingie pale amonia na naitraiti zikiwa karibu na sifuri.

Maji ya visima vya huku yanaweza kuwa na pH ya 8 na kupanda. Kwenye nyuzi 28, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki ni karibu mara kumi zaidi pH ikiwa 8 kuliko ikiwa 7. Changanya na maji ya mvua uliyokinga, na uwe na subira: bakteria wenyewe hushusha pH kadiri wanavyofanya kazi.

Hatua ya 6: Lisha kwa kutazama mbingu

Chakula ni mzigo wa umeme. Samaki aliyekula anatumia oksijeni nyingi zaidi kwa saa kadhaa, kwa hiyo mpe saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, akimeng'enya betri iwe inachajiwa. Jioni usimpe. Siku ya mawingu punguza nusu; mawingu yakiingia siku ya pili, usilishe kabisa. Samaki haumii kwa kulala njaa siku mbili. Kisichoisha ndani ya dakika 10 kitoe.

Juni na Julai usiku huku hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Maji yakiwa chini ya nyuzi 20 sato anapoteza hamu ya kula, na ukiendelea kumrushia chakula unatengeneza amonia tu. Zungushia tenki magunia yaliyojazwa majani makavu na ulifunike usiku.

Ukiwakuta asubuhi wamepanda juu wanatweta, chota maji kwa ndoo na uyamwage kutoka kimo cha kichwa chako, tena na tena, huku mwenzako akikagua fyuzi na mawe ya hewa. Mawe hayo huziba kwa chokaa ya maji magumu. Yaloweke kwenye siki kila mwezi.

Hatua ya 7: Mboga

Anza na mchicha, chainizi na figiri. Nyanya na hoho ziache hadi mfumo ukomae. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma, na chakula cha samaki hakina ya kutosha. Nunua ya cheleti (iliyotengenezwa ili ibaki imeyeyuka kwenye maji) kwenye duka la pembejeo, ile inayohimili pH ya maji yako.

Dawa za wadudu usipulize, hata za asili. Utupa, mmea unaosifiwa na wakulima wa kilimo hai, ndio ule ule ambao wazee walivulia samaki mtoni, na mwarobaini nao si salama kwao. Wadudu waokote kwa mkono, au weka chandarua.

Maji yanayopotea ni asilimia 1 hadi 3 kwa siku, chini ya ndoo mbili. Jazia kwenye pipa la chini, pampu ikiwa imezima na mabeseni yameshashuka, hadi kwenye alama uliyoichora. Sato akitunzwa kwenye joto zuri hufika gramu 250 kwa miezi 6 hadi 8. Usisubiri wafike wote: kila wakubwa wanapoonekana, toa wachache wa kitoweo, ili tenki lisivuke kilo 10 msimu wa mawingu ukiwa unakaribia.