Mgonjwa Yuko Nyumbani Krismasi Hii: Pangeni Hivi

Kuanzia tarehe 20 Desemba magari ya Nairobi kwenda Kakamega, Busia na Kisumu hujaa, nauli hupanda, na boma lililokuwa na watu watatu mwaka mzima hupokea ishirini kwa usiku mmoja. Mgonjwa yeye hajabadilika. Mama aliyepatwa na kiharusi, baba anayejidunga insulini, shangazi aliye katikati ya matibabu ya kansa ya kemo: dawa zao zina saa zake, na nguvu zao zina kiasi chake. Mengi yanayoharibika Krismasi katika nyumba kama hiyo huharibika kwa sababu mgonjwa ndiye aliyetakiwa kuifuata sherehe. Igeuzeni. Sherehe imfuate yeye.

Wiki mbili kabla

Wa kuulizwa kwanza ni yule anayemhudumia kila siku, si kaka mkubwa anayetuma pesa. Yeye ndiye anayejua kwamba mama huchangamka saa nne asubuhi na ikifika saa tisa hata kuitikia salamu ni kazi. Kwa siku saba aandike kwenye daftari saa za dawa, kula, kulala mchana, maumivu yanapopanda na anapotaka kuzungumza. Wiki ikiisha mtaona wazi saa mbili au tatu nzuri za siku. Ibada ya nyumbani, chakula na picha ya familia viingie ndani ya saa hizo. Mengine yote watu wafanye bila yeye, na asione kama amewaharibia.

Hesabuni dawa hadi angalau tarehe 5 Januari. Tarehe 25 na 26 Desemba na 1 Januari ni sikukuu za kitaifa, kliniki nyingi hazifunguliwi, na mwenye duka la dawa la kijijini naye ana kwao. Anayetumia morfini achukue ya kutosha mapema kwa sababu haiuzwi kila duka. Hospisi za Kisumu na Nakuru, vituo vya kutuliza maumivu ya wagonjwa, zimezoea kuulizwa itapatikana wapi. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda mara mbili kwa wiki. Siku yake ikiangukia sikukuu, uliza kitengo mapema zamu imesogezwa hadi siku gani. Msiruke hata moja kwa ajili ya safari. Na kwa kuwa NHIF, bima ya afya ya zamani, ilipisha SHA tangu Oktoba 2024, pigeni *147# mhakikishe usajili uko sawa kabla ya usiku wa dharura.

Insulini ikisafirishwa isiwekwe kwenye mizigo ya juu ya gari wala mbele ya kioo penye jua, na isigusane na barafu, kwa maana ikiganda imeharibika. Kule mashambani pasipo na friji, iweke ndani ya kopo lisilopitisha maji, kopo liwe ndani ya chungu chenye maji, chungu kikae kivulini penye upepo. Joto la Kisumu la Desemba ndilo la kuogopwa zaidi. Nakuru, iliyo juu, hewa yake ni baridi kidogo.

Chakula cha saa saba kiliwe saa saba

Tunakaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Chakula cha Krismasi huahidiwa saa saba na kuliwa saa kumi. Ibada imerefuka, wageni wamekwama kwenye foleni ya Gilgil, na jogoo wa kienyeji aliyekomaa hataki kuiva hata baada ya saa mbili za kuni. Mwenye afya atakula karanga angoje. Mgonjwa wa kisukari hawezi. Wagonjwa wengi hutumia insulini mchanganyiko ya 70/30, asubuhi na jioni, na ile ya asubuhi hufanya kazi kwa nguvu kuelekea mchana. Chakula kikichelewa, dawa inaendelea kushusha sukari ya mtu ambaye tumboni hana kitu.

Atatetemeka, jasho jembamba litamtoka, moyo utaenda mbio, halafu ataanza kuongea maneno yasiyopatana au kusinzia. Hayo yakitokea katikati ya maombi, wapo watakaosema Roho ameshuka, na wapo watakaosema ni pepo. Mpimeni sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4.0 mmol/L, au kama hamna kipimo na dalili ziko, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ile ya sukari kamili. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale chakula hapo hapo. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni: mlazeni ubavu na mtafute gari.

Dawa ya kuzuia haya yote ni sufuria ndogo. Chakula cha mgonjwa kipikwe peke yake, kianze mapema, na ikifika saa sita na nusu kiwe kwenye hotipoti. Kwa mwenye kisukari nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali au wali au chapati moja, robo nyama. Chapati moja, hata kama shemeji amesimama na ya pili mkononi. Saa saba ikifika ale, wageni wawepo wasiwepo. Wakija, akae nao mezani na kikombe cha chai bila sukari, na hapo ndipo atakapoombea chakula chao.

Aliyepatwa na kiharusi ana hatari nyingine: kupaliwa. Mketishe wima kabisa, asilishwe akiwa amelala hata kidogo. Kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Tumia kijiko cha chai, subiri ameze, kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka kama ina maji ndani, kuna kitu kimebaki kooni. Simama, mwache akohoe. Cha ajabu ni kwamba vinywaji vyepesi, yaani chai, soda na supu, ndivyo vinavyompalia haraka kuliko uji mzito. Nyama ya kuku ya vipande na chapati kavu humkwama. Viazi vya kupondwa na ugali laini vinapita vizuri zaidi. Samaki aina ya ngege achambuliwe na mtu mmoja asiye na haraka, kwa vidole, nyama ipapaswe hadi mwiba wa mwisho. Baada ya kula abaki ameketi dakika 30, picha zipigwe wakati huo kama anataka picha.

Mgonjwa wa figo aliyewekewa kipimo cha maji ahesabiwe kila kitu kinachomiminika, supu na soda pia. Apunguziwe ndizi, parachichi na juisi ya machungwa, na mboga zake zichemshwe kwa maji mengi yamwagwe. Mboga za kienyeji zilizolainishwa kwa musherekha, yale maji ya majivu, zisimfikie: majivu yana potasiamu nyingi, na figo zake haziwezi kuitoa. Anayetibiwa kwa kemo ale kilichoiva vizuri na kilichopikwa siku hiyo. Kachumbari na kuku aliyelala usiku kucha mezani awaachie wengine. Kaangeni mbali na dirisha lake, harufu ya mafuta humtapisha. Joto lake likifika 38, ni hospitali usiku huo huo, hata kama kwaya imefika langoni.

Desturi zipi zibaki

Muulizeni mgonjwa swali moja: Krismasi bila kitu gani si Krismasi kwako? Jibu huwashangaza watoto. Huenda asitaje nyama wala nguo mpya, akataja kuchagua jogoo, au wimbo fulani alioimba akiwa msichana, au kuona wajukuu wamepangwa mstari wakipewa peremende kwa mkono wake. Shikeni hicho na kingine kimoja. Kusafisha ua wote, kupaka rangi na kualika ukoo mzima vyaweza kungoja.

Kila kimoja kina namna ya kupunguzwa. Jogoo waletwe watatu mlangoni, achague kwa kidole. Aliye kwenye kemo asiwashike. Mti wetu kwa kawaida ni tawi la saiprasi ndani ya ndoo ya mchanga: uwekeni pale atakapouona akiwa kitandani, lakini kama ana pumu au harufu kali inamchafua roho, upambeni nje, mkabala na dirisha lake. Mishumaa ikae mbali na oksijeni, si kwa hatua chache tu. Acheni angalau mita tatu, na hapo hesabuni pia jiko la makaa, ambalo kwa vyovyote halifai kuingia chumba cha kulala. Kama oksijeni inatoka kwenye mashine ya stima, mtungi wa akiba uwepo umejaa, kwa maana stima hupotea. Ngoma ya isikuti ipigwe uani, si sebuleni, na mtu mmoja abaki ndani akimtazama uso.

Zawadi zinazotumika: shuka mbili za pamba, leso, makintoshi ya kutandika chini ya shuka, mafuta ya ngozi, redio ndogo yenye betri mpya.

Wageni

Waingie wawili wawili, dakika kumi. Mwekeni mlangoni binamu mmoja mwenye saa na ulimi mtamu, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hataweza kumwambia mjomba aondoke. Mtungi wa lita 20 wenye bomba na sabuni ukae kabla ya mlango, si baada yake. Mwenye mafua asalimie dirishani. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili hata sherehe ikinoga. Kidonda cha kulala huanza na wekundu au weusi mdogo kwenye kiuno au kisigino, na wiki ya wageni ndiyo wiki anayosahauliwa ubavu mmoja. Picha yake isiingie kwenye kundi la familia la simu bila ruhusa yake.

Watoto waambiwe ukweli mfupi kabla hawajaingia: bibi ni mgonjwa, amekonda, si kosa la mtu, na ukimkumbatia kansa haikuambukizi.

Padre, mchungaji na maombi

Kwa Wakatoliki, andikisheni jina la mgonjwa kwa mwenyekiti wa jumuiya mapema katika Majilio. Parokia nyingi zina vigango vingi na padre mmoja au wawili; tarehe 24 na 25 yuko barabarani tangu alfajiri. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre peke yake, kwenye paji la uso na viganja. Ekaristi yaweza kuletwa na mhudumu aliyeteuliwa. Msiogope neno "mpako" kana kwamba ni tangazo la kifo: ni kwa ajili ya mgonjwa mahututi, ndiyo, lakini pia kwa mzee aliyedhoofika, na hurudiwa ugonjwa ukizidi. Tayarisheni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa kama hakuna oksijeni, na kijiko na maji kidogo. Asiyeweza kumeza vizuri hupewa kipande kidogo sana, na mhudumu aambiwe hilo mlangoni. Ile saa moja ya kufunga kabla ya komunio haimhusu mgonjwa, wala anayemtunza. Na binti anayebaki nyumbani usiku wa kesha kwa sababu mama haachiki hajakosa Misa kwa dhambi. Mwambieni hivyo kwa sauti. Wengi hubeba hatia hiyo kimya.

Familia za Marafiki (Quakers), ambao misheni yao Kaimosi ilianza 1902, hawana Ekaristi ya mkate na divai, kwa hiyo ziara yao ni wimbo, somo, maombi na kimya. Dakika ishirini zinatosha. Kwa kanisa lolote, somo la Luka 2, mistari 20 ya kwanza, halichukui dakika tano likisomwa polepole; mgonjwa achague msomaji. Kama ana maumivu, ibada ianze dakika 30 hadi 45 baada ya dozi yake ya morfini ya maji, ikiwa imemfikia saa yake.

Wazee wakija kumpaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema, karibuni sana. Tone moja la mafuta latosha. Akiwa kwenye oksijeni lipakwe kiganjani, si usoni, kwa sababu mafuta na oksijeni hushika moto upesi. Anayepumua kwa shida asiwekewe mikono kumi kifuani. Mmoja amshike mkono, wengine wanyooshe yao wakiwa wamesimama. Sauti ishuke. Mungu hasikii zaidi kwa kelele, na kichwa cha mwenye presha kinaumia.

Mteueni mtu mmoja, ikiwezekana mwenye heshima kanisani, wa kusimama imara juu ya mambo mawili. La kwanza, hakuna anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Aliyepona ataonekana kwa vipimo kliniki, na daktari ndiye atakayeondoa dawa. La pili, mfungo haumhusu anayetumia insulini, dawa za kifafa au ARV. Wengine wafunge kwa niaba yake. Na yule anayesema "ungekuwa na imani ungepona" atolewe nje kwa upole, apewe chai.

Kikao cha bili ya hospitali kifanyike tarehe 26, mbali na chumba chake, isipokuwa yeye mwenyewe ametaka kuwepo. Kabla gari la kwanza la kurudi Nairobi halijaondoka, daftari lile la saa za dawa lisomwe mbele ya wote: nani analala hapa wiki ijayo, vidonge vimebaki vingapi, kliniki ni lini, na nani atampeleka.