Paka wako kwenye fleti ya kupanga Uingereza: ulizeni kwanza nani yuko juu ya mwenye nyumba

Kama umepanga fleti Uingereza na umeanza kufikiria kuchukua paka au mbwa, usianze kwa kuuliza kama mwenye nyumba anapenda wanyama. Uliza kama yeye mwenyewe anayo mamlaka ya kukuruhusu. Nalisema mapema na nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonitoa mimi na paka wangu kwenye fleti niliyokuwa nailipia kila mwezi bila kuchelewa, na meseji ya mwenye nyumba ya kuniruhusu ikiwa kwenye simu yangu.

Naandika nikiwa nyumbani Dodoma. Tangu nimefika hapa Chang'ombe, watu wanakuja kuuliza mambo ya kule: huyu kapata chuo, yule kapata kazi ya kutunza wazee. Wanauliza viza, wanauliza baridi, wanauliza mshahara. Binti wa kaka yangu ndiye aliyeuliza habari ya paka, na waliokuwepo wote wakashangaa. "Kwani shangazi, paka naye anaombewa ruhusa?" Ndiyo mwanangu, anaombewa, tena kwa maandishi, na mara nyingine si kwa mtu mmoja.

Kupanga kwa hapa tunakujua. Unampa dalali chake, unalipa kodi ya miezi sita au mwaka, mnaandikishana, mjumbe anakutambua, basi. Baba mwenye nyumba akisema fuga kuku, unafuga. Akisema mbwa hapana, ni hapana. Ukishamalizana naye umemaliza. Mazoea hayo ndiyo tunayokwenda nayo kule, na kwenye fleti za kule yanatuumiza.

Watu wa Dodoma mtanielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu sisi tumeishi na CDA, ile mamlaka ya serikali ya kuendeleza mji mkuu. Tangu 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017, mtu alijenga nyumba yake hapa mjini kwa fedha yake, lakini ardhi alipewa kwa hati ya miaka 33 yenye masharti, na mwenye masharti alikuwa ofisini. Nyumba yako, lakini ukiongeza banda pasiporuhusiwa unaambiwa bomoa. Mpangaji uliyemweka uani hakuwa na habari na masharti hayo, lakini bomoabomoa ikija inamkuta na yeye.

Fleti nyingi za Uingereza ziko katika hali hiyo mpaka leo. Yule unayemwita mwenye nyumba amenunua haki ya kuitumia fleti kwa miaka 99, au 125, au zaidi. Jengo na ardhi ni mali ya mwingine, pengine kampuni, na mara nyingi ipo kampuni ya tatu inayosimamia ngazi, lifti na bustani. Kati ya mwenye fleti na mwenye jengo kuna mkataba mkuu. Ndani yake, mara nyingi sana, kuna kipengele kinachosema hataruhusiwa mbwa, paka, ndege wala mnyama mwingine bila kibali cha maandishi cha mwenye jengo. Mwenye nyumba wako alitia saini hapo siku aliponunua. Inawezekana kabisa hakumbuki.

Wangu hakukumbuka. Alikuwa mtu mwema, aliniandikia kwamba hana tatizo na paka mradi kapeti lisichanwe. Wakala wake alijua na alimwona paka alipokuja kukagua. Halafu barua ikatoka kwa wasimamizi wa jengo, ikaandikwa kwake, si kwangu: kuna mnyama ameonekana dirishani, mkataba mkuu umevunjwa, arekebishe au hatua zichukuliwe. Kwa sheria yao, mwenye fleti anayevunja masharti ya mkataba mkuu anaweza kufika mahali pa kuipoteza fleti yenyewe, kwa hiyo hofu yake naielewa. Nisichokubali ni namna mzigo wote ulivyohamishiwa kichwani kwangu: paka aondoke au niondoke mimi. Nilipomwonyesha wakala ile meseji, alijibu kwamba mkataba wangu unataka ruhusa itolewe na ofisi yake kwa maandishi, na meseji ya mwenye nyumba haihesabiki. Yeye aliyemshika paka yule na kumsifia!

Basi, kwa herufi zinazosomeka: ruhusa ya mdomo si ruhusa. Ruhusa ya meseji inaweza kukataliwa. Na ruhusa ya mwenye nyumba, hata ikiwa na saini na tarehe, haikulindi kama juu yake kuna mwenye jengo ambaye hajaulizwa.

Najua kuna mtu atanijibu kwamba sheria imebadilika. Imebadilika kweli. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inasema kwamba kuanzia 1 Mei 2026 mpangaji wa nyumba binafsi Uingereza, yaani England peke yake, anaweza kuomba kwa maandishi kufuga mnyama, akimweleza mnyama huyo ni wa aina gani. Mwenye nyumba ana siku 28 za kujibu kwa maandishi, na hawezi kukataa bila sababu ya msingi. Nimeona ndugu wakirushiana habari hii kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba mlango umefunguliwa wote. Someni mpaka mwisho. Sheria hiyohiyo inakubali kwamba ni sababu ya msingi kukataa pale ambapo mnyama atamfanya mwenye nyumba avunje mkataba wake na aliye juu yake. Pale ambapo mkataba mkuu unataka kibali, anapaswa kwenda kukiomba. Asipokipata, jibu la hapana litasimama. Mtego ulioninasa mimi haujaondolewa na sheria mpya. Uko palepale.

Tena haki hiyo haimhusu aliyepanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe. Wengi wetu ndivyo tunavyoanza, kwa mama fulani Mkenya au Mtanzania mwenzetu aliyetupa chumba cha juu. Hapo neno lake ni la mwisho kama huku nyumbani, na Scotland na Wales wana sheria zao.

Fanya hivi kabla hujatoa hata pauni ya kushikilia fleti. Mwandikie wakala barua pepe, si simu, umuulize: je, mkataba mkuu wa jengo hili unaruhusu paka? Naomba nakala ya kipengele hicho. Kama kibali cha mwenye jengo kinahitajika, naomba nakala ya kibali kinachotaja anwani ya fleti na aina ya mnyama. Akikwepa, au akikujibu "haitakuwa shida", chukulia kwamba kibali hakipo. Unaweza pia kununua nakala ya mkataba mkuu mwenyewe kutoka HM Land Registry, yaani ofisi ya serikali inayosajili ardhi, kwa ada ndogo. Nyaraka hizo ziko wazi kwa mtu yeyote. Na kama mfuko unaruhusu, tafuta nyumba yenye mlango wake unaofungukia barabarani. Nyingi ya hizo hazina mtu wa juu, ingawa zipo zenye mtu wa juu pia, kwa hiyo uliza hivyohivyo.

Mengine hayana ugumu. Mbwa lazima awe na chipu, kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, tangu 2016, paka tangu 10 Juni 2024, na usipoweka unaweza kutozwa hadi pauni 500. Mwandikishe kwa daktari wa wanyama, mkatie bima, maana matibabu yao ni ghali. Ndugu wanaoniambia nimpeleke mbwa wa nyumbani: ni chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, damu ipimwe siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, halafu kusubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa, vyeti, dawa ya minyoo, na ndege ambayo atasafiri kama mzigo. Mwacheni alinde ng'ombe.

Dipoziti, ile fedha ya dhamana unayoweka ukiingia, nayo ina mambo yake. Tangu sheria ya 2019 ya ada za wapangaji, kwa kodi isiyofika pauni 50,000 kwa mwaka, dipoziti haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano, na hakuna kitu kinachoitwa dipoziti ya mnyama juu ya hiyo. Ukiombwa, kataa. Fedha yako lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi uliosajiliwa ndani ya siku 30, na wakishindwa mahakama inaweza kuwaamuru wakulipe kiasi hicho mara moja hadi mara tatu. Nilipohama walidai bei ya kapeti jipya zima kwa sababu ya uzi uliovutwa mlangoni. Nilipeleka shauri kwenye huduma ya usuluhishi ya mfuko, ambayo haina malipo, na picha nilizopiga siku ya kuingia zilionyesha kapeti lilikuwa limechakaa kabla ya paka. Sehemu kubwa ilirudi. Kwa hiyo piga picha kila kona, kila kapeti, kila mguu wa kochi, siku ya kwanza, na zitume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Hawana haki ya kukutoza kapeti jipya badala ya la zamani, wala kukulazimisha ulipe kampuni ya usafi.

Sasa kuhusu wenyewe wa kule. Nyumbani watu wanasema Wazungu wanapenda wanyama, kwa hiyo watakuruhusu tu. Wanawapenda, hilo kweli. Chama chao cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa London mwaka 1824, na chama cha kuzuia ukatili kwa watoto kikaja miaka 60 baadaye, 1884. Jirani aliyepita mbele yangu miezi bila salamu alisimama siku moja kuniuliza jina la paka. Lakini upendo huo ni wa mtu na mnyama wake. Ukishafika kwenye nyumba ya kupangisha, wanazungumza kapeti, harufu na bei ya fleti, na matangazo mengi yanaandika wazi hakuna wanyama. Mimi naona ni jamii iliyomweka mnyama mahali pa ndugu, kisha ikamnyima mpangaji haki ya kuwa na ndugu huyo. Hiyo sheria mpya ni ishara kwamba wenyewe wameanza kuliona.

Na mama zangu wadogo mnaosema mtoto anapoteza hela kulisha paka wakati huku tuna shida, nawaomba mnisikilize kwa upole. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtoto wenu anatoka zamu amechoka, anafungua mlango, hakuna anayesema karibu. Huku paka kazi yake ni panya kwenye ghala la uwele. Kule ndiye anayemfanya mtu aongee kwa sauti ndani ya nyumba yake. Msimdharau kwa hilo. Ila mbwa simshauri mtu wa zamu ndefu. RSPCA, kile chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, wanashauri mbwa asiachwe peke yake zaidi ya saa nne, naye akibweka mchana kutwa majirani watakwenda halmashauri, na hapo hakuna kibali kitakachokusaidia.

Kama barua imeshafika, usimfiche mnyama kabatini siku za ukaguzi na usihame kwa hofu. Ukiwa umepanga fleti yako, si chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba, huwezi kutolewa bila amri ya mahakama. Sheria ya 1977 ya kuzuia wapangaji kufukuzwa kiholela inakulinda, na anayebadilisha kitasa wewe ukiwa kazini anafanya kosa la jinai. Nenda Citizens Advice au piga simu Shelter, mashirika ya kutoa ushauri, ni bure. Kisha mwandikie mwenye nyumba aombe kibali kwa mwenye jengo hata sasa, kwa kuchelewa. Kwa paka mmoja wa ndani mara nyingine hutolewa. Wakala akisema mkataba wako lazima ubadilishwe ili kumtaja paka, hawezi kukutoza zaidi ya pauni 50 isipokuwa aonyeshe gharama halisi, na usilipe kabla hujakishika mkononi kibali cha mwenye jengo.