Kukesha stesheni ya Tabora: usingoje treni ifike, ngoja ikatwe

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ng'ambo hapa hapa Tabora, na nimekesha stesheni mara nyingi kiasi kwamba mama wa chai hunimiminia bila kuniuliza. Majirani wanadhani nampokea mgeni. Hapana, naangalia treni.

Ukitaka kujaribu, njoo kiangazi. Masika maji yana tabia ya kukata njia kule Kilosa na Gulwe, na wewe uliyekaa Tabora utaangalia reli tupu mpaka adhana ya alfajiri. Ila Juni na Julai jua la mchana lisikudanganye. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi inapenya mifupa. Mimi hubeba koti na kanga mbili, moja ya kukalia, moja ya kujifunika, na siendi bila mpwa wangu.

Mchana pitia stesheni kuulizia. Usiulize inafika saa ngapi, uliza imeshatoka wapi. Kama ndiyo kwanza inatoka Dodoma, nenda kalale. Kama imepita Itigi, bado una muda wa kuinjika maharage, yakaiva na ukayala. Lakini kula kwa kiasi! Mara ya kwanza nilishiba ugali nikaegemea ukuta, nikaamka nimezungukwa na maganda ya karanga. Treni ilishakuja na kuondoka.

Ukifika, toa salamu kwa stesheni masta au mlinzi, mweleze mwenyewe shida yako kabla hajakuuliza. Picha usipige mpaka uruhusiwe. Tochi ndiyo kabisa: mpwa wangu aliwahi kuirusharusha ya simu akitafuta kandambili yake, mlinzi akaja mbio. Usiku reli inazungumza kwa taa, na taa inayotikiswa dereva anaweza kuisoma kuwa ni "simama".

Sasa uhondo wenyewe. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Tawi la kwenda Mwanza likafika ziwani 1928. Ndiyo maana treni moja ikitoka Dar inaweza kuwa na watu wa Mwanza, wa Kigoma na wa Mpanda, na hapa kwetu ndipo inapokatwa: mabehewa yanatenganishwa, kila kundi lishike njia yake. Watazamaji wengi wanaangalia abiria wakishuka, wakiona mabegi yameisha wanaenda zao. Wewe baki. Sogea mwisho wa jukwaa, palipo kimya, lakini usishuke relini.

Kichwa cha treni kinachomoka, kinaenda zake gizani. Mabehewa yanabaki yamezubaa. Usiku mmoja mzee alitoa shingo dirishani akaniita, "Mwanangu, mbona wametuacha?" Nikamwambia, "Shikamoo baba, hamjaachwa, mnangoja kichwa cha Kigoma." Akashusha pumzi, akarudi kulala.

Kichwa kikirudi, fumba macho. Utasikia kishindo kama mtu kapiga teke geti la chuma: kimegusa behewa la kwanza. Halafu kishindo kinahama, kak-kak-kak, behewa hadi behewa mpaka mkiani. Mpwa wangu anayahesabu kwa sikio na mara nyingi anapatia. Mimi nikizidi tisa napotea. Halafu mtu anapita na taa kati ya mabehewa, anainama kuunga mipira ya breki, unaona miguu yake tu na mwanga chini ya chasisi. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko honi na yote.

Treni za mizigo zisikuudhi zikija badala ya ile unayongoja. Ni ndefu, na mlio wake ni mzito. Ukigusa nguzo ya jukwaa unaweza kuusikia mkononi.

Na chapati nunua kabla treni haijafika. Abiria wakishuka na njaa ya tangu Dodoma, sinia la mama linabaki na mafuta tu, na chai kavu hadi asubuhi si mchezo. Mimi huomba mbili zifungwe kwenye gazeti, naziweka ndani ya koti. Zinapasha na tumbo.