Gari inachemsha? Anza na feni

Gari yangu ni ya 1996. Kila nikinasa foleni ya Buguruni jioni, mshale wa joto unapanda. Nikichomoka kwenye Barabara ya Mandela, unashuka. Hapo umeshapata nusu ya jibu: ikichemsha umesimama na kupoa ukitembea, mshuku feni. Washa injini, ipate moto, sikiliza. Yangu ilikuwa kimya. Nikaiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka. Kumbe swichi ndiyo imekufa, na fundi alishaanza kunipigia hesabu ya rejeta, kile kipoza maji ya injini!

Ikichemsha kwenye mwendo, tazama rejeta iliyoziba, au themostati (kilango cha kupitisha maji kwenda rejeta) iliyogoma kufunguka: injini inaungua, hozi ya rejeta upande mmoja ya moto, mwingine baridi.

Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Fungua asubuhi. Maji yanapungua na chini hapadondoki kitu? Chomoa kijiti cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekwenda. Usiwashe tena, tafuta gari la kuvuta. Na maji ya kisima yenye chumvi, tafadhali, kafulie.