Kurusha Cessna 172 kutoka Wilson saa saba mchana

Saa zangu za mwanzo za urubani nilizipata Malindi, uwanja ulio karibu usawa wa bahari. Pale ukisukuma kishikio cha nguvu ndege inaondoka kama dau lililopata kusi. Nilipohamia Nairobi nikapewa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, ya aina ile ile, rangi tu ndiyo tofauti, na siku ya kwanza kwenye uwanja wa Wilson nikafanya kila kitu kama nilivyozoea kwetu. Kishikio chekundu, kile kinachopima mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini, nikakiacha kimezama mpaka mwisho. Injini ikakohoa, robo ya njia ya kurukia ikaisha, mshale wa mwendo bado unajikongoja. Mwalimu wangu hakupiga kelele. Alivuta nguvu nyuma, akakanyaga breki, tukajiondoa njiani kwa aibu mbele ya foleni ya ndege za Mara zilizokuwa zinangoja zamu. "Dada," akaniambia, "hapa si Malindi. Huku hewa unapimiwa."

Sasa ni mie ninayefundisha, na kila mwanafunzi anayetoka Pwani namkalisha chini na penseli kabla hajaigusa ndege. Haya ndiyo ninayomfanyisha. Nazungumzia 172N, yenye injini ya nguvu-farasi 160, kwa sababu ndiyo niijuayo kwa usingizi. Kama yako ni nyingine, namba zako zimo kwenye kitabu cha ndege yako, wala usiazime zangu.

Hesabu ya hewa

Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ya hapo ni nyembamba, na ndege inaililia mara tatu: bawa linapata kidogo cha kuegemea, propela inapata kidogo cha kuuma, na injini inapata kidogo cha kuvuta. Injini isiyo na taabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Joto nalo huizidisha hewa wembamba. Kwa hiyo swali si uwanja uko juu kiasi gani, ila ndege inajihisi iko juu kiasi gani. Marubani wanaita densiti altitudi. Darasani kwangu tunasema kimo cha hewa, inatosha.

Keti ndani ya ndege, zungusha kitufe cha altimita, kile kipima-kimo, mpaka dirisha dogo lisome 1013, shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, usome futi. Tuseme imesoma 5,300. Hiyo ni kimo cha shinikizo. Iandike, kisha hapo hapo rudisha altimita kwenye shinikizo la leo ulilopewa na mnara wa kuongozea ndege. Nimeshamkuta mwanafunzi yuko tayari kuruka na altimita bado iko 1013, akaniambia eti alikuwa anafikiria hesabu.

Vitabu vinachukulia kwamba usawa wa bahari joto ni nyuzi 15, na linapungua nyuzi 2 kila unapopanda futi 1,000. Kwa futi 5,300 unapunguza karibu nyuzi 11, inabaki 4. Sasa tazama kipimajoto cha ndege, lakini si kile kilichoanikwa juani tangu asubuhi, uliza mnara. Saa saba mchana wamesema 25. Umezidi kwa nyuzi 21. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama futi 120. 21 mara 120 ni 2,520. Jumlisha na 5,300: umefika 7,820.

Magurudumu yako bado yako kwenye lami ya Wilson, lakini ndege inaamini iko futi 7,800, karibu na vilele vya Ngong.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto likiwa nyuzi 13, utapata 6,380 hivi. Karibu futi 1,400 umezipata bure kwa kuamka mapema. Ndiyo maana nikiwa na safari yenye mzigo sipangi mchana. Na watu wa kwetu msicheke: Malindi saa nane, joto nyuzi 32, ndege inajihisi iko futi 2,000. Pwani nako si bure kabisa.

Mizani

Hapa ndipo watu wanapoanza kudanganyana. Uzito wa juu kabisa wa 172N wakati wa kuruka ni kilo 1,043. Ninayofundishia, tupu, karatasi yake inasema 665. Zinabaki 378. Ukijaza matangi, mafuta unayoweza kuyatumia ni lita 151, na lita moja ya petroli ya ndege ni kilo 0.72, kwa hiyo 109 zimekwenda. Zimebaki 269 za watu na mizigo. Watu wanne wa kilo 75 ni 300. Umeshazidi kwa 31 na hakuna aliyeweka hata kikapu.

Viti vinne havina maana ya watu wanne. Sentensi hiyo nimeisema mara nyingi mpaka mume wangu anaijibu kabla sijaimaliza.

Na kilo 75 hizo nani kazipima? Ukimuuliza abiria uzito wake anakutajia wa siku ya harusi yake. Mie nina mizani ya bafuni ndani ya buti la gari, kila mtu anapanda na begi lake mkononi. Mara moja mjomba mmoja mtu mzima alinuna, akasema yeye si gunia la kopra. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, samahani, lakini ndege haina heshima kama yangu." Alipanda. Alikuwa kilo 104, begi likiwa na boga zima la kumpelekea dada yake.

Kuwa chini ya 1,043 ni kutii sheria tu. Saa saba mchana Wilson sipakii zaidi ya watu watatu, nikiwemo, na mafuta najaza ya safari pamoja na akiba ya saa nzima. 172 hunywa lita 30 na kitu kwa saa. Piga kwa 34 uwe salama, kisha panda juu ya bawa na kijiti cha kupimia ujionee mwenyewe. Chota na sampuli chini ya tangi: iwe ya buluu, isiwe na maji yaliyotuama chini, isiwe na mafuta ya ndege za jeti.

Urefu wa njia

Fungua jedwali la kurukia kwenye kitabu. Angalizo: jedwali la Cessna linataka kimo cha shinikizo na joto, kila kimoja peke yake. Ukiingia na ile 7,820 utakuwa umehesabu joto mara mbili. Chukua umbali wa kuvuka kizuizi cha futi 50, si ule mfupi wa kuachia ardhi, kisha rekebisha. Upepo wa mbele wa kila noti 9 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) unapunguza asilimia 10. Upepo wa nyuma wa kila noti 2 tu unaongeza asilimia 10. Tazama dhuluma iliyopo hapo: upepo wa nyuma unaoweza kupeperusha leso unakugharimu sawa na faida ya upepo wa mbele unaotikisa miti. Majani makavu, ongeza asilimia 15 ya ule umbali wa kukimbia ardhini.

Ukimaliza, zidisha kwa moja na nusu. Jedwali lilipatikana kwa ndege mpya na rubani wa majaribio, na yako imeshafundisha nusu ya marubani wa mji. Ikiwa jibu halitoshi kwenye njia uliyopewa, shusha mtu au ngoja jioni.

Kisha chagua alama. Tazama katikati ya njia kuna nini: mchepuko, kibao, kichaka. 172N huinua pua kwa noti 55, na asilimia 70 ya hizo ni kama 39. Sema kwa sauti, abiria wasikie: "Nikifika pale kibaoni sijapata 39, nafunga nguvu, nasimama." Ukishalisema mbele za watu ni vigumu kuanza kujibembeleza baadaye.

Kishikio chekundu

Kitabu cha 172N chenyewe kinasema kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 upunguze mafuta kabla ya kuruka. Usipopunguza, mafuta yanazidi hewa, plagi zinachafuka, nguvu inakwenda. Ukiwa mwanzoni mwa njia, kanyaga breki, sukuma nguvu yote, kisha vuta kishikio chekundu polepole huku ukitazama kipimo cha mizunguko ya injini. Itapanda, itafika kilele, itaanza kushuka. Hapo rudisha ndani kidogo, uiache kwenye kilele au upande wa mafuta mengi kidogo. Wanafunzi wengi mkono unawatetemeka hapa kwa sababu Pwani walifundishwa kwamba kishikio hicho kikivutwa injini inazima. Itazima ukikivuta chote. Usikivute chote.

Ukishaachia breki

Mshale ukisoma 55, ndege kwa kweli inapita ardhini kwa noti 62 hivi, kwa sababu hewa ni nyembamba. Macho yako yataona lami inakimbia na yatakuambia vuta sasa. Usiyasikilize, soma mshale. Anayevuta mapema anainuka kweli, futi tano au kumi, kwa sababu karibu na ardhi hewa hulizuia bawa kidogo kuliko juu, ni kama limelazwa juu ya mto. Akitoka kwenye mto huo, kama kimo cha urefu wa mabawa yote mawili, ncha hadi ncha, futi 36, ndege inakataa kupanda na inakataa kuongeza mwendo, na njia imekwisha. Ukijikuta humo, shusha pua kidogo, baki chini, uache mwendo ujae. Kuvuta zaidi ndiko kunakoua.

Kupanda kwenyewe kutakuchosha. Usawa wa bahari kitabu kinaahidi futi 770 kwa dakika. Saa saba Wilson tegemea nusu hivi. Vilele vya Ngong viko mita 2,460, yaani futi 8,070. Kwa futi 400 kwa dakika unahitaji zaidi ya dakika sita kufika usawa wao tu, na upande wa pili upepo unashuka bondeni na unaweza kukuvuta pamoja nao. Kama huna kimo, omba mnara wakuruhusu uzunguke juu ya mbuga kwanza. Hakuna aliyewahi kunyimwa leseni kwa kuomba duara moja.

Viwanja vya udongo vya Mara nitaviandikia siku nyingine, maana kuna mteremko, matope, na pundamilia ambao lazima gari liwatangulie kuwafukuza. Hesabu ni hiyo hiyo, ila hakuna mnara wa kukuambia joto.

Safari ya kurudi Pwani ina mtego wake, wa kinyume. Umeshuka kutoka futi 9,500 hadi Malindi, umefurahi, umeshaona bahari, na kishikio chekundu bado kiko pale ulipokivuta juu ya Voi. Kila unaposhuka hewa inanenepa na mafuta hayaitoshi. Kisukume ndani kidogo kidogo kila futi 1,000, na kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa kutua kiwe kimezama chote, kama nilivyokiacha mie siku ile mahali pasipofaa.