Bolti imekatikia kwenye injini? Chomelea nati juu yake
Jana hapa Ujiji nimetoa bolti ya bomba la moshi, ya milimita 8, iliyokatikia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) ya pikipiki kuukuu, bila kutoboa chochote. Toa kwanza tenki la mafuta na betri, jamani. Kisha weka nati juu ya kisiki cha bolti, tundu lake liwe pana kidogo ili moto ufike chini, na mchomeleaji aanzie katikati ajaze mpaka juu. Subiri wekundu uishe, lakini isipoe kabisa. Shika kwa spana, peleka-rudisha kidogo kidogo, usikamie upande mmoja. Kinachofanya kazi hapa ni joto kuliko hata nati yenyewe: linaachanisha kutu iliyoshika nyuzi (mikunjo ya bolti inayojifunga kwenye tundu), na kwa kuwa hedi ni ya alumini, chuma kinachoyeyuka hakishiki pembeni. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Mimi ya tatu ndiyo ilitoka nayo. Njia hii inagoma kama bolti imekatikia ndani sana, au ni nyembamba ya milimita 6, maana hiyo hujisokota ikakatika tena. Hapo ni drili tu, na kuchonga nyuzi upya.