Somo: Kufunga sensa ya mwendo kwenye nyumba ya mawe, Mji Mkongwe

Assalam alaykum wanakikundi. Somo hili ni la wanaotumia Home Assistant, programu ya kompyuta inayoendesha taa na vifaa vya nyumbani, na sensa za Zigbee, yaani zinazowasiliana bila waya kwa mawimbi ya redio. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe ni nene, na mawimbi huchoka humo. Kuunganisha sensa ni dakika chache. Kazi hasa ni kuyatafutia mawimbi njia.

1. Kijiti cha Zigbee, kinachoiunganisha kompyuta na sensa, kichomeke kwa waya wa kurefushia wa USB. Tundu za USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, na Zigbee inatumia masafa hayo hayo.

2. Chagua chaneli kabla hujaunganisha kitu. Wi-Fi ikiwa chaneli ya 1 au 6, weka Zigbee 25. Ukija kubadilisha baadaye, huenda ukaanza upya na baadhi ya vifaa.

3. Panga plagi za Zigbee njiani. Plagi iliyo kwenye umeme hupokea ujumbe na kuupitisha mbele; sensa ya betri haifanyi hivyo. Mimi huweka moja ukumbini na nyingine juu ya ngazi, mawimbi yapite milangoni badala ya kupenya ukuta.

4. Chukua sensa hadi pale itakapokaa. Fungua ZHA, sehemu ya Home Assistant inayosimamia vifaa vya Zigbee, bonyeza kuongeza kifaa, shikilia kitufe cha sensa sekunde tano hivi mpaka kitaa kimemete. Wengi huiunganisha mezani kisha wakaihamisha, na sensa nyingine hung'ang'ania kifaa cha kwanza ilichokishika, ikapotea.

5. Hapa msiharakishe. Sensa hizi huona joto linalosogea, na anayekatiza mbele yake huonekana upesi kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwenye ngazi ifunge ubavuni, kimo cha mita mbili. Isitazame dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Isikae karibu na taa pia: usiku mijusi hufuata wadudu pale, na mjusi akipita juu ya lenzi, sensa inahesabu mtu. Wakati wa kaskazi, chumba kikikaribia joto la mwili, sensa huona kwa tabu, kwa hiyo ijaribuni mchana wa joto.

6. Kanuni yenyewe utakayoipa Home Assistant ni fupi: mwendo ukionekana na jua limekuchwa, washa taa, ukikosekana dakika mbili, zima.

MASWALI

Swali (Malindi): Fundi, nikikaa kusoma taa inanizimikia. Sensa mbovu?

Jibu: Nzima, kaka. Inaona mwendo tu, na wewe umetulia. Ngazini na chooni inatosha, lakini chumba cha kusomea kinataka sensa ya rada, inayomwona hata aliyetulia. Nyingi za rada zinataka umeme, basi uwe na soketi karibu.

Swali (Wete): Intaneti ikikatika, itafanya kazi?

Jibu: Itafanya, dada. Kila kitu kinakwenda humo humo ndani ya nyumba.

Swali (Chake Chake): Na umeme ukikatika?

Jibu: Sensa itabaki hai, ila plagi zitalala na kompyuta itazimika. Kompyuta iwekee UPS, betri ya akiba. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kila balbu, chagua ibaki imezimwa umeme ukirudi, la sivyo saa tisa za usiku nyumba nzima itawaka na watoto wataamka.